Baba mukubwa, karte ya parking, na pointi yenye hakutaka

Tangu foto ya karte ya Baba mukubwa, ile ya parking ya bantu benye bulemavu, ipite mu grupe ya WhatsApp ya familia, bantu beko bananiandikia pembeni, banauliza ilikamata wakati gani, inalipiwa ngapi, na muzee yabo naye anaweza kupata ao hapana. Bengine beko Bruxelles, bengine Charleroi, kuko na mumoja iko Lille, yenye ni Ufaransa, kule sheria ni ingine na biro ni ingine, lakini naye anataka nimuelezee. Siwezi kurudilia maneno ileile kwa vokale kila siku, njo naandika hapa, mwenye atauliza tena nitamutumia link, basi.

Mbele ya yote mujue ni nani tunaongelea. Baba mukubwa ni kaka wa papa yangu, iko na miaka 82, alifundisha hesabu hapa Lubumbashi miaka na miaka kisha akahamia Ubelgiji na batoto yake, siye tulikuwa bado tunavaa kaptula. Anaishi Liège na Yaya, binti yake wa kwanza. Bale alibafundisha bangali banamuogopa paka leo, kuko mumoja, naye sasa iko na bajukuu, akisikia sauti yake ku telefoni anasimama wima. Ni muntu wa kukorije. Anakorije fakitire, anakorije mahubiri ya padri, ukimutumia mesaji yenye kosa anakurudishia ile mesaji amesahihisha, bila kukusalimia. Njo huyu muntu, ku uzee wake, Serikali ya Ubelgiji ilimuletea formilere yenye yeye njo anapashwa kupewa pointi.

Mwaka jana nilipata viza nikaenda kubasalimia. Kutoka ku gare ya Guillemins, tungali mu motokari, Yaya akaniambia: Baba hatembei tena vizuri, lakini usimuambie kama nimekuambia. Mi nikaona ni maneno ya uzee tu, nani hazeeke. Siku ya Mungu tukaenda La Batte, ile soko kubwa inajipanga pembeni ya muto Meuse kila Jumapili asubuhi, Baba mukubwa anaipenda kupita ata misa (padri wake asisome hapa). Yaya akazunguka na motokari, akazunguka tena, nafasi hakuna, mwisho tukaiacha kule mbali ndani ya mitaa, tukaanza kutembea. Kidogo tu Baba mukubwa akasimama mbele ya vitrine ya duka ya peruke ya bamama, imefungwa, akaanza kusoma bei. Nikamuuliza: Baba mukubwa, unatafuta peruke? Akasema: niko nalinganisha bei. Tukaenda tena, akasimama mbele ya ajanse ya nyumba, akasoma nyumba yote yenye iko inauzwa Liège, na adresi, na ngapi chumba. Pale njo niliangalia mukono yake ku fimbo, mishipa imesimama, na pumzi iko fupi fupi, nikajua hakuna nyumba yenye anataka kununua. Yaya naye alikuwa anajua ile mitego kitambo, alikuwa anangojea tu bila kusema kintu.

Iko na arthrose (bugonjwa ya maungio) mu kiuno pande yote mbili na moyo yake pia inachoka mbio. Na kushuka mu motokari ni kazi ingine: Yaya anawekaka sashe ya plastiki ku kiti, Baba mukubwa akikala juu yake anaweza kugeuka na miguu yote mbili pamoja bila kukokota kiuno, lakini juu afanye vile mulango inapashwa kufunguka paka mwisho. Ukiparke katikati ya motokari mbili mulango inafunguka nusu, na nusu haisaidii kintu. Mi nilikuwa nafikiri karte ya parking ni mambo ya kuwa karibu na mulango wa duka. Kumbe ni nafasi ya pembeni. Ile place yenye kibao banaipima mita 3 na sentimeta 30 ya upana, njo maana unaionaka kubwa kupita zingine, si juu ya kupendeza.

Basi Yaya alikuwa amemuambia kitambo juu ya ile karte, akakataa. Ile ni ya bantu ya ku kiti, anasema, mi niko na miguu. Na huwezi kumushitaki, kibao yenyewe inaonyesha muntu ku kiti ya magurudumu, mwenye anatembea na fimbo hajioni pale. Ile alama ilichorwa mu 1968 na mwanafunzi mumoja wa Denmark, Susanne Koefoed, na mara ya kwanza haikukuwa na kichwa, ilikuwa kiti na mistari ya mwili tu, kichwa babandika nyuma. Nilimuambia Baba mukubwa hii habari nikifikiri itamutuliza. Akasema: njo maana benye kuparke pale bila haki habana kichwa. Lakini akacheka, na muntu akicheka unaweza kuendelea kuongea naye.

Sasa mambo yenyewe, yenye muliuliza.

Ubelgiji karte inatolewa na Serikali kuu, Service public fédéral Sécurité sociale, si polisi na si komini, ata kama komini inaweza kukusaidia kuandika. Haulipi ata senti. Unaomba ku intaneti na karte ya kitambulisho na kode yake, ao na itsme, aplikasyo ya kujitambulisha ku telefoni. Muzee yenye haina kode, ao alisahau (bote banasahau), unaenda naye ku komini, ku CPAS (biro ya komini ya kusaidia bantu), ao ku mutuelle yake (bima ya bugonjwa), kuko bantu ya kazi ya kijamii banajaza pamoja naye. Mu formilere unataja munganga wake wa kila siku, na beye banaomba ule munganga atume makaratasi ya bugonjwa. Kwa hiyo mbele ya kubonyeza kile kibutoni, pitia kwa munganga umuambie maombi inakuya, juu kama yeye anachelewa na dosiye inachelewa, na kama ku dosiye yake aliandika paka tension na sukari, hakuna mahali ya miguu, basi miguu haiko. Yaya alifanya vile, akaenda kumuona munganga mbele. Nyuma ya pale banaweza kuamua ku makaratasi tu, ao banakuita munganga wabo akuone. Baba mukubwa aliitwa.

Na wa Lille: kwako karte inaitwa CMI stationnement, inapitia ku MDPH (biro ya kule ya bantu benye bulemavu), iko vile tangu 2017, na kama muzee anapata APA (feza ya kusaidia bazee benye habajiwezi) ku GIR 1 ao GIR 2, ni kusema ngazi ya bale banaitaji musaada sana, anaipata bila kupimwa tena. Ingine uliza kule kule.

Tusikilizane sasa juu ya pointi, juu hapa njo bantu mingi banaachia mu njia. Kuko na mambo 6 yenye banaangalia: kutembea na kujisogeza, kutayarisha chakula na kula, kuoga na kuvaa, kutunza nyumba, kujua hatari na kujikinga, na kuongea na bantu. Kila moja inapewa kutoka 0 paka 3. Zero ni kusema hakuna shida, 1 ni shida kidogo, 2 ni shida kubwa, 3 ni kusema bila muntu wa kusaidia haiwezekani. Yote pamoja ni 18. Bantu banasikia kama juu ya karte inaomba pointi 12, banaangalia muzee yabo yenye anakula muzuri, anaongea muzuri, anatania bantu, banasema ah hatafika, banaacha. Lakini 12 si njia moja. Ukipata 2 ku kutembea peke yake, inatosha. Ile mustari inakuyaka chini chini bantu habaisome. Kuko na milango ingine tena: bulemavu ya 80 kwa 100 ya kudumu, ao bulemavu ya miguu ya 50 kwa 100, ao mikono yote mbili imepooza ao imekatwa, na kuko mulango ya bale baliumizwa mu vita. Lakini kwa bazee betu ya fimbo na magoti, ule mulango ya pointi 2 njo mulango.

Sasa umuelezee hiyo mwalimu wa hesabu. Akaangalia karatasi, akavua miwani, akavaa tena, akauliza: mi maisha yangu yote nilikuwa natoa pointi kwa mwenye anajua, hapa banatoa kwa mwenye anashindwa? Ndiyo, Baba mukubwa. Na mwenye anapata mingi njo wa mwisho? Ndiyo. Akachukua kalamu, akajitia pointi mwenyewe ku karatasi ya pembeni. Kutembea, 0. Kuoga na kuvaa, 0. Hatari, 0. Kuongea na bantu, 0 (hapa hakuna mwenye alibisha). Akafika ku kupika akaandika 3, tena akapigia mustari. Yaya akauliza: 3 juu ya nini? Akasema: sijapikaka ata siku moja, mama yenu njo alipika. Yaya alicheka paka akakaa chini. Kumbe habaulize kama ulikuwa unapikaka, banauliza kama mwili yako inaweza, ni kusema kusimama mbele ya moto, kuinua sufuria, kukata. Baba zetu wengi habajui ata chumvi inakaaka wapi, ile si bulemavu.

Mi njo naona shida yetu iko hapa, na sijaona muntu anaisema. Formilere ya bazungu inakuomba uhesabie muntu haukujue bintu yote yenye hauwezi tena kufanya, kimoja kimoja. Muzee wa kwetu amefundishwa kinyume. Ukimuuliza uko aje, anasema tuko tu, Mungu anasaidia, nyie je? Ata akiwa ku kitanda ya hopitali na maji mu mushipa anakuuliza kama batoto balikula. Kwetu ile ni adabu. Ku biro ya pointi ile adabu inasomwa zero. Na sisemi tuongeze chumvi, kuko na bantu banabeba muzee na kiti ya kukodisha akifika pale anazirai, hapana, tuache ile, munganga wa kupima ameona bantu mingi kupita weye. Ninasema muzee asifiche. Aseme siku yake mubaya iko vipi, si paka siku yake muzuri.

Basi siku ya kuonana na ule munganga ikafika. Baba mukubwa akatoka mu chumba na kostime ya gri, kravati, mandefu imenyolewa, bilatu ya ngozi inang'aa, na fimbo ameiacha nyuma ya mulango. Yaya akaniangalia. Kwetu ukiitwa mbele ya Serikali njo unaendaka vile, unasimama wima, hauonyeshe mateso yako. Kostime hatukugusa, ni haki yake. Lakini fimbo, nikamuambia: Baba mukubwa, mwanafunzi akikuletea hesabu, amefuta kazi yote ameacha paka jibu, ulikuwa unamupa ngapi? Akasema zero, bila kufikiri. Nikamuambia basi na munganga naye anataka kuona kazi yote. Akabaki anasimama pale kidogo. Akaenda akaleta fimbo mwenyewe, mukononi, hakutaka nimupatie.

Munganga alikuwa mama mumoja mupole, anaandika ku ordinatere bila kuangalia bidole. Akamuuliza anaweza kutembea paka wapi mbele ya kusimama. Baba mukubwa akajibu: inategemea. Inategemea nini? Akanyamaza. Yaya akafungua kinywa, Baba mukubwa akainua kidole sawa vile mu klase, Yaya na miaka yake yote na batoto yake bakubwa akafunga kinywa. Kisha ule mama akamuomba avue bilatu apande ku kitanda amuone kiuno. Baba mukubwa akainama, akafika katikati, akarudi juu. Akainama tena, akarudi. Bilatu yake ni ya kamba, ile ya kubandika anaikataa, anasema ni ya batoto. Munganga akaacha kuandika. Akauliza: nani alikufunga hii kamba leo asubuhi? Na Baba mukubwa, ukimuuliza swali ya wazi haisemake bongo, akasema: binti yangu. Na jana? Binti yangu. Na siku yenye binti yako haiko?

Sitoki, akasema.

Mi nilikuwa nimekaa pembeni ya dirisha, sikujua niangalie wapi. Yaya pia hakujua ile, alikuwa anafikiri siku yenye anaendaka kazi Baba anabaki nyumbani juu anapenda kusoma. Kutoka pale maneno ikatoka yenyewe, escalier, bafu yenye anaingiaka paka kama kuko muntu ku nyumba, na usiku vile anaamukaka na kushikilia ukuta. Ule mama hakumuharakisha. Mwisho akamusaidia kuvaa bilatu, akamufunga kamba mwenyewe, na Baba mukubwa akamuambia kama ile noe yake haina nguvu, akamuonyesha ya kwake.

Jibu ilichelewa, mi nilikuwa nimesharudi Lubumbashi, na ni muzuri mujue: hesabuni miezi, si majuma, na usitupe karatasi yoyote yenye banatuma. Yaya ananiambia ile barua ilipofika na pointi ndani, Baba mukubwa akatafuta kalamu nyekundu, akajumlisha mwenyewe aone kama babakosea. Habakukosea. Ku kutembea alipata yenye inatosha. Akaandika "vu" pembeni na sinyatire yake, sawa ku buletini, Yaya iko na ile barua paka leo.

Karte yenyewe ni ya rangi ya bulu, na ile alama ya kiti ku mweupe, ni modele moja Bulaya yote ya Umoja. Mbele kuko tarehe ya mwisho na namba, jina na foto na sinyatire iko nyuma, kwa hiyo ukiiweka ku kioo weka upande wa tarehe, bapite bayione, foto yako haiangaliwe na mutaa muzima. Ile njo ilimufurahisha Baba mukubwa kupita yote, kama jina haionekane. Kisha bintu yenye kujua: karte ni ya muntu, haiko ya motokari. Haiandikwe plake. Akipanda kwa Yaya inafanya kazi, akipanda kwa jirani inafanya kazi, akipanda teksi inafanya kazi. Na kama yeye haiko mu motokari, haina maana, ata kama unaenda kumununulia dawa. Polisi anaweza kuikamata. Ku place ya kibao unaparke, ku zone bulu (kule bengine banaparke kwa saa ya kuhesabiwa) haubanwi na saa, lakini kulipa ao kutolipa ku mashine ni kila komini na sheria yake, na parking ya kampuni ya ndani ya jengo ni mambo ingine tena. Kuko na miji inapitisha motokari yenye kamera inasoma plake, na kamera haione karte ku kioo, kwa hiyo uliza komini kama unapashwa kuandikisha plake mbele, ao barua ya faini itakufuata ku nyumba na karte yako mu mukono. Ukivuka inchi ingine ya Umoja wa Ulaya karte inatambulika, lakini unafuata sheria ya kule. Mu 2024 bapitisha sheria ya karte mupya ya parking, pamoja na karte ya bulemavu ya Ulaya yote, itaanza kutumika mu 2028, ile ya sasa bado ni ya kazi.

Bila kusahau familia. Haikukuwa ata juma moja kijana mumoja wa kwetu kule (anajijua) akaomba akopeshwe karte siku ya posho (Jumamosi), juu ya kwenda ku maduka, parking inasumbua. Baba mukubwa akamuambia: ukitaka karte unabeba na mwenye karte. Sasa siku ya posho ule kijana anapitaka kumuchukua, anazunguka naye, muzee anakaa mahali anakunywa kahawa yake na anasoma bei, sasa anasoma akiwa amekaa. Kijana ananiandikia kama anakorijiwa njia yote, kutoka rond-point ya kwanza. Vumilia, ndugu yangu.

Nimerudi hapa, na tangu pale naona bintu yenye sikukuwa naona. Mama yangu naye iko na magoti. Motokari yetu, sawa ya bantu mingi hapa Lubumbashi, vola iko ku kuume, ilitoka Japani ikapitia Dar es Salaam, lakini siye tunatembea ku kuume ya balabala. Parke pembeni uone: mwenye kukaa mbele ku kushoto, mulango yake inafungukia katikati ya balabala, pale taxi-bus inapita inagusa kioo. Kwa hiyo Mama ninamukalisha nyuma yangu, ashukie upande wa chini, na upande wa chini kuko mufereji wazi. Chagua. Ninashuka mbele, ninamushika, anaweka mguu moja ku ukingo, anaomba Mungu, anaweka wa pili. Akifika ku miguu yake anasema tuko tu. Ni ukoo moja na Baba mukubwa ata kama ni shemeji.

Na sheria tuko nayo, musifikiri hapana. Katiba ya Kongo ya 2006, article 49, inasema muntu muzee na muntu mwenye bulemavu beko na haki ya ulinzi ya pekee. Inchi yetu iliingia mu mapatano ya ONU (Umoja wa Mataifa) juu ya haki ya bantu benye bulemavu mu 2015. Na kuko sheria yenyewe, loi organique n° 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki yabo. Mu balabala, yenye inamusaidia Mama ni kijana wa parking. Namaanisha bale ya jile, banawekaka karton ku kioo juu ya jua. Wa karibu na benki yetu akiona Mama nyuma, anaondoa ile jiwe anashikiliaka nafasi nayo, anapiga mukono, kuja kuja kuja, simama, na anashikilia mulango sawa ya ministre. Sijamuonyesha karatasi ya munganga, hajanihesabia pointi, ameona kichwa nyeupe basi. Nampa kitu yake. Kuko bantu watasema siye tuko na moyo kupita Bulaya, mi sikubali upesi, juu ule kijana akikuwa haiko ile siku nafasi haiko, na akikuya mukubwa mwenye jeep na anampa mingi, ile jiwe inaondoka mbele ya jeep, Mama anashuka mu mufereji. Na mwenye kukuya na velo yake ya mikono, hana motokari na hana kitu ya kumupa, jiwe haimuondokee.

Mi siombe pointi 18 hapa kwetu, tungeshinda mwaka mu foleni ya fotokopi. Ninaomba rangi ku chini. Nafasi mbili pana mbele ya kila mahali bazee banaendaka bila kupenda: hopitali, benki, biro ya pansiyo, kanisa. Pana, njo neno, si karibu tu.

Ku paruwasi yetu nililetea komite hii maneno, nikapima na mita ya fundi ile mita 3 na 30 pembeni ya mulango mudogo wenye haina ngazi, nikabaonyesha. Rangi imepatikana, kijana mumoja ni penteur, atafanya bure. Padri anakubali. Tulibanwa ku swali moja tu, nani ataenda kumuambia mwenye ile jeep nyeusi ya misa ya pili asiparke pale. Komite nzima ikaangalia chini. Mwenye kiti akasema tuandike barua, katibu akasema barua tulishaandikaka juu ya kelele ya moteri. Mama, yenye alikuwa anangojea nimurudishe nyumbani tu, akasema batie pale biti mbili na bamama wa kwaya bakalie juu paka misa inaanza, tuone kama jeep itabapita juu. Imeandikwa ku prosè-verbale. Bamama wa kwaya beko banazungumuza bei.